Baiskeli ya kike ya kwendea kazini na kubebea watoto Tanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyaokota kwa majirani, kwa kina mama wenzangu pale getini shuleni, na kwa fundi wangu wa Ngamiani, ambaye huulizwa kuliko mimi. Nimekuwa nikiwapeleka wanangu kwa baiskeli kisha naendelea kazini, kwa hiyo mengi nimeyajua kwa kukosea kwanza. Nimeyapa namba ili nisirudierudie.

## Mambo ya mwanzo

1. Baiskeli ya kike ni ipi hasa?

Ni ile ambayo fremu yake haina bomba lililonyooka kutoka kwenye siti hadi kwenye usukani. Bomba limeteremshwa chini, mara nyingine limepinda kama tumbo la mtumbwi, na wewe unapitisha mguu mbele yako ukakaa. Ya kiume inakutaka uuzungushe mguu nyuma, juu ya keria. Sasa mtoto akiwa ameshakaa kwenye keria, mguu huo unapita usoni pake. Sababu kubwa ndiyo hiyo, na haihusiani kabisa na nani mwanamke nani mwanamume.

2. Mimi ni baba mwenye watoto. Nikipanda ya kike sitachekwa?

Utachekwa siku mbili tatu, hasa ukipita kijiweni asubuhi. Baadaye watazoea. Wanaokucheka ndio hao wanaowaweka watoto kwenye bomba la mbele, miguu inaning'inia sentimita chache kutoka kwenye gurudumu linalozunguka (tazama swali la 13). Ukitaka kuwajibu, waambie hivyo.

3. Kwa Tanga baiskeli inatosha, au niendelee na bajaji?

Mji wetu hauna vilima vya kukutoa pumzi, na baiskeli haijawahi kuwa ajabu hapa. Mwanamke wa baibui kwenye baiskeli Tanga hageuziwi shingo. Ukitoka Makorora au Mikanjuni kwenda Chumbageni au Bombo, na njia ukaipitisha kwenye barabara za namba za Ngamiani, unafika bila jasho la kubadilishia nguo, mradi umeondoka jua halijapanda.

Habari nyingine ni barabara kuu ya kwenda Segera. Malori na mabasi hayana subira na baiskeli, na upepo wa lori lililopakia unakuvuta pembeni ukiwa na mtoto mgongoni pako. Anayeishi Pongwe au mbele ya hapo, ushauri wangu ni kwamba siku ya kuwa na mtoto apande naye daladala, baiskeli abaki nayo kwa safari zake mwenyewe.

## Kuchagua

4. Nikifika kwa muuzaji, nianze kuangalia nini?

Stendi. Watu wengi huanza na rangi, wengine gia, wengine huzungusha pedali kusikiliza cheni. Wewe inama uangalie stendi.

Mtoto haanguki sana wakati baiskeli inakwenda. Anaanguka ikiwa imesimama, wewe umegeuka kutafuta chenji. Baiskeli yangu ya kwanza ilikuwa na stendi ya mguu mmoja. Nikaiegesha nje ya genge, mwanangu wa miaka mitatu yuko nyuma, nikageuka kupokea mafungu mawili ya mchicha. Stendi ikazama mchangani polepole, kama kidole kwenye uji wa moto, na mimi nikasikia kishindo kabla sijaona. Alichubuka kiwiko na kulia mpaka nyumbani. Mwenye genge aliniambia, "Mama, baiskeli hii ni ya kubebea mkaa." Alikuwa na haki.

Itafute yenye stendi ya miguu miwili, ile inayonyanyua gurudumu la nyuma na kusimama wima kama meza. Miguu iwe imetanuka, na kuwe na komeo la kuizuia isijikunje ikisukumwa kwa mbele. Baadhi ya baiskeli za Kijapani za kubebea watoto, ukiteremsha stendi usukani nao hukaza usizunguke. Ukiipata hiyo usiiache. Nami bado natembea na kipande cha ubao kikapuni, cha kuweka chini ya stendi penye mchanga.

5. Mtumba wa Japani au Phoenix mpya?

Phoenix ya Kichina na ndugu zake wa Kihindi, Hero na Avon, wana sifa moja isiyoshindika: hakuna fundi asiyezijua, na spea ziko kila kona. Fremu ni ya chuma kizito, haivunjiki kirahisi, na ikivunjika inachomelewa. Ubaya ni kwamba ya kike dukani hukuti kila siku, stendi mara nyingi itakubidi uifunge nyingine, na breki zake mvua ikinyesha zinakuacha (swali la 7).

Mtumba wa Kijapani ulitengenezwa kwa kazi hii hii: mama, kikapu, mtoto, soko. Unakuja na kikapu mbele, madigadi ndefu, kava la cheni, stendi ya miguu miwili, kufuli la duara kwenye gurudumu la nyuma, na dainamo. Mimi nina huo na sirudi nyuma. Lakini kufuli lake lije na ufunguo. Ukiambiwa "ufunguo utachongesha tu", jua utalikata kwa msumeno.

Zipo pia za Ulaya, hasa za Uholanzi na Ujerumani. Ni imara na ndefu. Nyingi hazina breki ya mkono ya nyuma. Unafunga breki kwa kukanyaga pedali kinyume. Anayezoea anazipenda. Mwenye mazoea ya kurudisha pedali nyuma akiwa anapita kwenye foleni atajikuta amesimama ghafla katikati ya njia, na huko nyuma kuna bodaboda.

6. Tairi ni 26, lakini fundi anasema hii 26 haiingii. Ananidanganya?

Hakudanganyi. Kuna 26 mbili zinazochanganya watu kila siku. Baiskeli ya Kijapani ya mjini ni 26 x 1⅜, na ile ya milimani ni 26 x 1.95 au karibu na hapo. Ringi zake hazilingani hata kidogo. Dawa yake ni kusoma namba ndogo ya tarakimu tatu kwenye ubavu wa tairi, ambayo ni kipenyo cha ringi kwa milimita: ya Kijapani ni 590, ya milimani 559. Phoenix kubwa ya 28 x 1½ ni 635, na 28 ya Ulaya ni 622, hivyo hata 28 na 28 haziingiliani.

Kabla hujalipa, nenda kwa fundi wa karibu na kwako, siyo wa karibu na muuzaji, umuulize ana tairi na tyubu za namba hiyo? Akikuna kichwa, tafuta baiskeli nyingine.

7. Breki zipi zinafaa?

Kuna breki za vyuma, za waya, na za ndani ya habu, yaani kile kitovu cha gurudumu. Breki za vyuma za baiskeli kubwa husukuma vipande vya mpira dhidi ya ringi ya chuma, na chuma kikilowa mpira unateleza. Unabana, baiskeli inaendelea kama haikusikia. Ringi ya alumini inashika zaidi hata ikiwa imelowa. Kuitambua ni rahisi: beba sumaku ndogo, alumini haivutwi.

Kwa nyuma, Wajapani huweka breki ya mkanda au ya ngoma kwenye habu, na hiyo maji hayaisumbui sana. Ya mkanda ikichakaa hupiga kelele kama mbuzi siku ya Idi. Usikubali fundi aitie mafuta kunyamazisha kelele, maana utanyamazisha na breki yenyewe. Ibadilishwe.

Angalia pia mkono upi unavuta breki ipi. Za Kijapani na za Kiingereza, mkono wa kulia ni wa mbele. Za Uholanzi na Ujerumani, wa kushoto ndio wa mbele. Siku za mwanzo unaweza kubana ya mbele ukidhani ni ya nyuma.

8. Nahitaji gia?

Kwa hapa mjini, hapana. Gia moja inatosha. Gia tatu zilizofichwa ndani ya habu ni raha ukiwa na watoto wawili na upepo wa kusi unakupiga usoni. Zile gia nyingi za nje, zenye cheni inayorukaruka, na mchanga wetu huu, zitakupa kazi ya kila wiki.

9. Urefu wa siti uweje?

Vitabu vitakwambia goti likaribie kunyooka pedali ikiwa chini. Ukiwa peke yako, sawa. Ukiwa na mtoto, teremsha siti mpaka nyayo zote mbili zikanyage chini ukiwa umekaa. Utachoka kidogo zaidi kwenye kupiga pedali, lakini ukisimama ghafla unasimama kweli, hutegemei ncha ya kidole.

10. Nitajuaje mtumba haujachoka?

Simama mbele ya baiskeli, libane gurudumu la mbele kati ya magoti, kisha ujaribu kuzungusha usukani. Ukizunguka peke yake, ni wa kukazwa. Nenda ubavuni, shika siti kwa mkono mmoja na usukani kwa mwingine, usokote kama unakamua nguo. Fremu ya kike haina bomba la juu la kuishikilia, kwa hiyo hucheza kidogo kwa asili yake. Ikicheza sana, au ukisikia mlio pale bomba linapokutana na ekseli ya pedali, piga magoti uangalie pale palipochomelewa. Rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba ni ufa. Rangi mpya iliyopakwa hapo tu, na kwingine hakuna, ni ufa uliofichwa.

Nyanyua kila gurudumu ulizungushe huku ukitazama pengo lake na breki. Pita kwenye spoki moja moja, uziminye mbili mbili kwa vidole. Iliyolegea utaijua.

Jambo moja la kukuokolea hela: upepo ukiwa unaisha kila usiku, si lazima iwe pancha. Vali za baiskeli hizi zina mpira mwembamba ndani kama mrija, na joto huukausha ukapasuka. Ubadilishe huo kwanza, kabla fundi hajafungua tyubu.

## Watoto

11. Mtoto aanze kupandishwa akiwa na umri gani?

Awe anakaa mwenyewe imara na shingo haiyumbi hata akitikiswa. Kwa wengi hiyo ni karibu na mwaka mmoja. Viti vya watoto vya Ulaya vya kufunga nyuma hutengenezwa kwa mtoto wa kilo 9 hadi 22, na vya mbele kilo 9 hadi 15. Kadi ya kliniki itakuonyesha yuko wapi. Akishapita kilo 22 hapandi tena kwenye kiti hicho, hata kama anaenea.

12. Keria inabeba kilo ngapi? Yangu inaonekana ngumu.

Kuonekana ngumu si hoja. Keria za Kijapani huandikwa kwenye chuma chenyewe, mara nyingi pale nyuma karibu na taa nyekundu: 18, 25 au 27. Hizo ni kilo. Ya 18 ni ya mizigo, usifunge kiti cha mtoto. Tafuta 25 au 27, na ukumbuke kiti nacho kina uzito wake.

Za Kichina na Kihindi hazina maandishi hayo kwa kawaida. Hapo tazama unene wa vyuma na idadi ya nati. Mwambie fundi akuwekee nati zenye kujifunga zisilegee kwa mtikisiko, na kila Jumamosi uzipitie kwa spana. Kamba ya mpira wa baiskeli ni ya kufungia ndoo.

13. Nimesikia miguu ya watoto inaingia kwenye spoki. Ni kweli?

Ni kweli, na ndiyo ajali ya kuiogopa kuliko kuanguka. Mtoto anachoka, mguu unalegea, kisigino kinaingia kati ya spoki na fremu, na gurudumu halisubiri. Nyama ya kisigino ni nyembamba, hupona polepole mno.

Kiti kizuri kina ubao wa pembeni unaofunika mguu mpaka chini, na mkanda wa kufunga unyayo. Kama kiti chako hakina, gurudumu lenyewe lifunikwe: Waholanzi huweka kitambaa kigumu kila upande wa gurudumu la nyuma, kwetu fundi anaweza kukata plastiki ya dumu la mafuta ya kupikia la lita 20 akaifunga kwenye madigadi na keria. Wangu alinifanyia hivyo. Haipendezi, ina maandishi ya kiwanda kichwa chini, na ina mikwaruzo ya viatu vya shule ambayo ingekuwa kwenye ngozi.

14. Akae mbele au nyuma?

Nyuma, mara nyingi. Mbele unamwona na mnaongea, lakini usukani unakuwa mzito na kichwa chake kiko karibu na kidevu chako ukifunga breki ghafla. Begi lake usilifunge nyuma yake, litie kikapuni mbele. Uzito ukizidi nyuma usukani unakuwa mwepesi na baiskeli inatangatanga.

15. Nikimfunga mgongoni kwa mbeleko?

Najua wanaofanya, na nimewahi kumbeba hivyo kutoka sokoni. Sifanyi tena. Uzito wake unakuwa juu sana, ukiinama naye anaegemea upande huo huo, na ukianguka chali wewe ndiye unayemwangukia.

16. Watoto wawili?

Inawezekana ikiwa baiskeli ilitengenezwa hivyo. Japani waliruhusu watoto wawili kwenye baiskeli moja mwaka 2009, lakini kwa baiskeli maalumu zenye fremu na breki zilizoimarishwa. Zinatambulika kwa gurudumu dogo, mara nyingi la inchi 20, lililoshusha kiti cha mbele chini.

Kupandisha kuna utaratibu wake. Aanze wa nyuma, kisha wa mbele. Kushusha, wa mbele kwanza. Stendi iko kwenye gurudumu la nyuma, kwa hiyo uzito wa nyuma unaikandamiza isimame. Ukimweka wa mbele peke yake, baiskeli inainama kwa mbele na stendi inaweza kujikunja. Na aliyebaki usimwachie baiskeli hata kwa hatua mbili. Kumbuka mchicha wangu.

17. Kofia ngumu ni lazima?

Kwangu ni lazima. Ivalishwe kabla hajapanda, ivuliwe akishashuka. Yenye ufa, hata mdogo, usinunue mtumbani.

## Nguo, mvua na chumvi

18. Navaa baibui na dera. Havitanasa?

Vitanasa usipojipanga. Adui ni wawili: cheni upande wa kulia na spoki za nyuma. Kava la cheni liwe limefunika lote, siyo lile nusu la juu tu. Plastiki ya swali la 13 inazuia na nguo. Dera pana likunje upande wa kulia ulikalie. Ncha za mtandio zifunge kwa nyuma, au mtoto atazifanya hatamu.

19. Masika itakuwaje?

Kati ya Machi na Mei kuna asubuhi ambazo ni za bajaji tu, ukubali. Mvua ya wastani inapitika, ila dimbwi usilolijua chini usiliingie na mtoto, maana Tanga shimo hujificha chini ya maji ya kahawa. Mwavuli mkononi huku unaendesha, hapana. Nunua koti la mvua, na la mtoto liwe fupi lisifike kwenye gurudumu.

20. Kutu inakula kila kitu. Nifanyeje?

Walio Raskazone na Sahare mnaijua hewa yenyewe. Pangusa baiskeli kwa kitambaa cha maji baridi mara moja kwa wiki, ikaushe, kisha tia mafuta ya cherehani tone tone kwenye cheni na ufute yanayobaki. Oili chafu ya gari ambayo mafundi wengi huipaka hukamata mchanga, na mchanga ndani ya cheni unafanya kazi ya tupa. Usiilaze nje.

## Yasiyo ya kawaida

21. Nimeona mtumba wa Kijapani wenye mota, bei nzuri. Ninunue?

Uliza betri iko wapi. Nyingi hufika bila betri, na bila betri unabaki na baiskeli ya karibu kilo 30 ya kusukuma kwa miguu. Ikiwa na betri, angalia chaja: umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni 230. Soma kibandiko chake. Kama kimeandikwa 100 peke yake, ukichomeka ukutani itakufa kwa moshi. Itahitaji transfoma ya kupunguza umeme.

22. Narudi magharibi ikiwa imeshaingia. Taa ya dainamo inatosha?

Hapa giza huingia karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na huingia kwa haraka. Dainamo ya kawaida huzimika ukisimama, tena huo ndio wakati unaotaka kuonekana. Ongeza taa nyekundu ya betri nyuma, iliyofungwa chini ya kiti cha mtoto ili mgongo wake usiifiche.

23. Mtoto akisinzia njiani?

Atasinzia, hasa mchana wakati wa kurudi. Kichwa kinaangukia upande mmoja na baiskeli nzima inakifuata. Usimshike kwa mkono mmoja huku unaendesha kwa mwingine. Simama, kaza mikanda ya mabega, pitisha kanga kifuani pake uifunge nyuma ya kiti, mbali na spoki. Kama kichwa bado kinayumba, shuka usukume. Mimi nimeshaitembea barabara ya Makorora nzima hivyo, mtoto anakoroma, jua la saa nane, na watu wananiuliza kama nimepata pancha.